Moto wa Kambi si Moto wa Jikoni

Mwezi wa Oktoba 2020, wachukuzi waliokuwa wakiwapandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu walitua mahali paitwapo Whona, baina ya kambi ya Mandara na kambi ya Horombo, wakawasha moto. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuwapashia wageni chakula, kama afanyavyo mwenyeji yeyote mwenye adabu. Kwa maelezo ya awali yaliyotolewa na Shirika la Hifadhi za Taifa la Tanzania, moto huo wa chakula ndio uliowaponyoka. Askari wa hifadhi, wazima moto na mamia ya watu wa kujitolea walipanda mlimani kuukabili, na ulipokuja kudhibitiwa ulikuwa umekwisha kula kilomita mraba 95 za mlima. Sufuria moja ya chakula, na kilomita mraba 95!

Nimeanza na Kilimanjaro, ndugu msomaji, ilhali nia yangu ni kusema juu ya Kakamega na juu ya vijana wetu wa pwani. Siku hizi shule zikifungwa, vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu hufunga virago wakaenda bara kulala katika mahema. Huenda kwa vyama vya skauti, huenda kwa shule zao, na madrasa nazo sasa zina safari zao. Jambo hili ni jema. Kijana aliyelala mbali na kwao hurudi na macho mawili zaidi. Lakini katika virago hivyo mna kibiriti, mna jiko dogo na mfuko wa makaa, na hao wanaovichukua wamelelewa katika nyumba za mawe na za makuti, si katika misitu. Moto wanaoujua ni moto wa jikoni, na moto wa kambi ni kiumbe mwingine.

Wala tusidhani kuwa kulala nje ni uzungu. Babu zetu walikuwa mafundi wa kambi. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani ilikwenda kwa miguu hadi kwa Nabongo wa Wawanga, mahali tupaitapo leo Mumias, si mbali na mji wa Kakamega. Joseph Thomson, Mskochi yule, alipofika huko mwaka 1883 alikuwa amefuatana na wachukuzi wa Unguja na wa mwambao, na njia aliyoipita haikuwa ngeni kwa watu wetu. Ni kwa misafara hiyo Uislamu ulitia mizizi Mumias, na mpaka leo adhana yasikika huko. Basi watu hao walilala nje miezi kwa miezi, na usiku moto ndio uliokuwa ukuta wao. Kwa hiyo twaweza kusema kuwa kijana wetu aendaye Kakamega hajifunzi jambo geni, bali adai urithi uliopotea njiani. Ila urithi bila ya elimu yake ni hatari.

MSITU WENYEWE

Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha msitu ule mkubwa wa Kongo. Zamani misitu hiyo ilikuwa karibu kushikana. Leo hiki kimebaki peke yake kama kisiwa, kimezungukwa na mashamba ya mahindi, chai na miwa, na vijiji ambavyo watu wake ni wengi mno kwa eneo lao. Serikali ya kikoloni iliuweka chini ya hifadhi mwaka 1933. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, penye Buyangu, ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na sasa yatunzwa na Shirika la Wanyamapori. Sehemu ya kusini, penye Isecheno, iko chini ya Shirika la Misitu. Kote kuwili kuna mahali palipotengwa kwa wenye kupiga mahema.

Mtu wa pwani akiingia humo kwa mara ya kwanza hunyamaza. Miti imepanda juu hata jua la adhuhuri hufika chini kama vipande vya shilingi. Kuna mitere na mizaituni ya mwituni, na mikuyu ambayo mizizi yake huning'inia kutoka juu, ikawakumbatia wenzao mpaka ikawaua. Kuna kima weusi kwa weupe wenye mikia kama mashada, na ndege wakubwa wa rangi ya samawati ambao huruka kwa kelele kutoka mti hadi mti. Mito ya Isiukhu na Yala hupita ikielekea upande wa Ziwa Victoria. Mvua yake kwa mwaka hufikia milimita 2,000, karibu mara mbili ya ile tuipatayo Mombasa.

Na hapo ndipo pana mtego wa kwanza. Mgeni aonapo maji yakidondoka majanini husema moyoni mwake, "Msitu huu hauwezi kuungua hata ukitaka." Amekosea. Toka Desemba mpaka Februari mvua hupungua na jua hukaza. Nyasi za mbuga ndogo zilizomo ndani ya msitu hukauka zikawa rangi ya mchanga. Majani yaliyopukutika miaka na miaka hulala chini tabaka juu ya tabaka, la juu likiwa kavu kama karatasi. Chini ya majani pana mizizi iliyokufa, na mna magogo yaliyooza kati yakawa matupu kama mizinga ya nyuki. Gogo la namna hiyo likiingiwa na cheche huvuta hewa kama bomba la moshi, likaungua ndani kwa ndani bila ya mtu kuona.

Hii ndiyo tofauti niliyotaka kuitaja. Jikoni kwetu, sakafu ni ya udongo au ya saruji, mafiga ni matatu, na kuni ni zile ulizozitia wewe mwenyewe. Ukiacha kutia, moto hufa kwa njaa. Msituni umeketi juu ya kuni. Hukuzileta wewe, wala huwezi kuzihesabu, na moto haukungoji uutilie, hujipakulia wenyewe.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili kwa namna yao. Jahazi ni la mbao, tanga ni la kitambaa, na zote ni kuni. Kwa hiyo chakula kilipikwa juu ya sanduku lililojazwa mchanga, na aliyepewa kazi ya kupika hakuuacha moto akaenda kuzungumza. Moto ulikuwa na mpaka wake, na ulikuwa na mtu wake. Mambo hayo mawili, mpaka na mtu, ndiyo yatakiwayo kambini pia.

MOTO ULIOFUKIWA

Niliwahi kufuatana na kundi la vijana wa madrasa hadi kusini mwa msitu huo. Walikuwa vijana wenye adabu na wachapakazi. Asubuhi ya kuondoka, waliutimba moto wa usiku, wakaufukia kwa udongo kwa miguu yao, wakaukanyaga mpaka pakawa sawa kama kaburi. Moshi haukuonekana. Wakafunga mizigo.

Mzee mmoja wa Kiisukha, aliyekuwa akituonyesha njia, alikuja akatazama, akauliza, "Nani amezika hapa?" Vijana wakacheka. Akachukua kijiti, akachimba kiasi cha shibiri. Akatoa kaa, akalipuliza mara moja. Likawa jekundu.

"Maalim," akaniambia, "waambie wanao, moto huu hamkuuzima. Mmeuwekea akiba."

Nilitamani mama yangu, Mungu amrehemu, angekuwapo asikie. Kwani nani kati yetu, sisi tuliokwisha pita miaka hamsini, asiyekumbuka jinsi moto ulivyohifadhiwa nyumbani? Usiku, baada ya chakula, kaa moja kubwa au kijinga cha kuni ngumu kilisukumwa katikati ya meko kikafunikwa jivu. Alfajiri jivu lilifunuliwa, makumbi ya nazi yakawekwa juu, yakapulizwa, na chai ikapikwa bila ya njiti ya kibiriti. Jivu halikuwa kaburi la moto. Lilikuwa blanketi lake. Na waliokuwa wakichoma chokaa watakueleza kuwa tanuu huonekana limepoa juu, watoto wakalisogelea, na ndani yake mawe bado ni mekundu.

Basi kijana afukiaye moto wa kambi kwa udongo afanya kazi ile ile ya nyanya yake, ila hajui kuwa aifanya. Ameulaza moto vizuri. Kisha yeye huenda zake, na upepo wa saa nane mchana huja kuamsha. Na msituni huo moto uliofukiwa haukai mahali pake: waweza kuushika mzizi mkavu, ukautambaa polepole siku mbili tatu chini ya ardhi, ukaja kutokea pale penye majani makavu ambapo hapana aliyewasha kitu. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Ni kweli. Lakini hawakusema kuwa pasipofuka moshi hapana moto.

Njia ya kuuzima ni moja, na si ngumu. Ungoje kuni ziungue mpaka ziwe jivu, usiziache nusu. Mimina maji, si ya kunyunyizia bali ya kuogesha, mpaka sauti ile ya kuchacharika ikome. Koroga kwa kijiti au koleo mpaka maji na jivu viwe uji, na magogo uyageuze upande wa chini, kwani moto hupenda kujificha huko. Mimina tena. Kisha kunjua kiganja, usogeze mgongo wa mkono karibu na jivu. Ukihisi vuguvugu, kazi bado. Hata ukiweza kulishika jivu kwa mkono bila ya kusikia joto, hapo waweza kuondoka. Ikiwa pahali hapana maji ya kutosha kufanya hivyo, basi pahali hapo hapakufai kuwasha moto.

JIKO NDANI YA HEMA

Kuna moto mwingine wa kificho, na huu wanitisha zaidi kwa sababu hauui miti. Huua watu, nao huwaua wamelala.

Kakamega iko kiasi cha mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mchana hapana tabu. Lakini usiku, hasa baada ya mvua ya alasiri, baridi hushuka, na mtoto wa Mombasa aliyezoea kulala kwa kikoi hutetemeka hata meno yakagongana. Hapo hupata wazo: jiko la makaa bado lina moto, makaa yamekuwa mekundu mazuri, hayatoi moshi, kwa nini tusiliingize hemani, tukafunga zipu, tukalala kwa raha?

Ndugu wazazi, wafundisheni watoto kabla hawajaondoka nyumbani kuwa raha hiyo yaweza kuwa usingizi wao wa mwisho. Makaa yaunguapo mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu aivutapo, huingia katika damu na kuikalia nafasi ya hewa safi, kwa kuwa damu huishika sumu hiyo kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko ishikavyo oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na uzito wa viungo. Aliye macho aweza kutoka. Aliyelala haamki. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo sisi twayaona kuwa ndiyo salama, ndiyo yaliyo na udanganyifu mkubwa. Na wala si hemani tu: vyumba vya bara na vya pwani vimekwisha kutoa maiti kwa jiko la makaa lililowekwa ndani wakati wa baridi, mlango na madirisha yakafungwa.

Kuacha uwazi kidogo mlangoni hakutoshi. Jiko lisiingie hemani, likiwa na makaa, gesi au mafuta ya taa, hata kwa dakika ya kupasha chai. Dawa ya baridi ni nguo: soksi, sweta, kofia, blanketi mbili, na kitu cha kutandika chini, kwa kuwa baridi kubwa hutoka ardhini. Na ukimkuta mwenzio ameshikwa na kizunguzungu karibu na jiko, mtoe kwanza nje kwenye hewa, ndipo uulize maswali. Kisha afikishwe hospitali hata kama asema amepona.

MPAKA NA MTU

Sasa turudi kwa mabaharia na mambo yao mawili.

Mpaka wa kwanza ni ruhusa. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 yakataza mtu kuwasha moto msituni bila ya idhini. Kwa hiyo ukifika, muulize askari wa msitu: moto waruhusiwa leo, na uwashwe wapi? Penye meko ya zamani tumia hayo hayo, usichome ardhi mpya. Ikiwa amesema leo hapana kwa sababu ya ukavu na upepo, kula tende na mkate ulale; hukuja bara kushindana na msitu.

Mpaka wa pili ni wa ardhi. Fagia majani mpaka udongo uonekane, upana wa hatua tatu kila upande wa moto. Tazama juu pia, pasiwe na tawi linaloinamia. Mahema yawe mbali, hatua kumi au zaidi, na upande ambao upepo haupelekei cheche. Hema la leo si la turubai nzito kama la zamani. Ni nailoni, na nailoni huyeyuka ikagandama mwilini. Mawe ya kuzungushia usiyatoe mtoni, kwani jiwe lililonyonya maji likipata moto laweza kupasuka na kurusha vipande. Kuni ziwe kavu zilizoanguka, na moto uwe mdogo kiasi cha sufuria. Moto mkubwa ni wa kujionyesha. Haupiki vizuri kuliko mdogo.

Mpaka wa tatu ni wa nguo, na hapa nasema na mama zetu na dada zetu pamoja na wavaa kanzu. Buibui la siku hizi ni la kitambaa chepesi kishikacho moto upesi, na mikono yake ni mipana. Leso nayo ina ncha zinazoning'inia. Apikaye akunje mikono, aifunge leso barabara, wala asiuruke moto kuchukua chumvi. Ikitokea nguo kushika, asikimbie, kwa maana mbio ni upepo. Ajitupe chini, afunike uso kwa viganja, abingirike mpaka moto ufe, na wenzake wamsaidie kwa blanketi nzito. Palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, samli, ute wa yai, hivyo vyote viacheni. Huzuia joto lisitoke na huleta uchafu kidondani.

Na mafuta ya taa au petroli yasimiminwe kabisa juu ya moto uliokwisha washwa au juu ya makaa yanayofifia. Moto hupanda ule mkondo wa mafuta mpaka mkononi mwa amiminaye.

Kisha yuko mtu. Ni katika sunna kwamba wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Nasema, na moto uwe na amiri wake. Kila kambi imtaje mtu mmoja kwa jina: fulani ndiye mwenye moto leo. Yeye ndiye awashaye, ndiye akaaye nao, na ndiye wa mwisho kulala. Moto wa watu wote ni moto usio na mtu. Kila mmoja hudhani mwenziwe ameuangalia. Amiri huyo awe na ndoo ya maji na koleo kando yake tangu kabla ya kuwasha. Na ndoo hiyo isiwe ile ya kutawadhia, la sivyo alfajiri mtaikuta tupu.

NEEMA NA ADUI

Sisi tuliosomeshwa chuoni tangu udogoni twalijua jambo hili kwa pande zake zote mbili. Katika Suratul Waaqia, Mwenyezi Mungu atukumbusha juu ya moto tunaouwasha na mti unaotoka, na kwamba ameufanya kuwa ukumbusho na manufaa kwa wasafiri wa jangwani. Na Nabii Musa, alipokuwa safarini na ahali yake, aliuona moto kwa mbali akawataka wangoje, huenda akawaletea kijinga wapate kuota. Basi moto wa msafiri ni neema, hapana aukataaye.

Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari habari ya nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku na watu wake wakiwamo. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipopewa habari hiyo, aliwafahamisha watu kuwa moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime kila walalapo. Tazama, msomaji, jinsi amri ilivyofungamanishwa na usingizi. Hakuwakataza kuwasha. Aliwakataza kulala na moto ungali hai. Kwa maana mtu akilala hulala kweli, na moto hujifanya tu kuwa umelala. Makaa yale ya hemani na kaa lile lililofukiwa msituni yote mawili yamo katika amri hiyo moja.

Wala isidhaniwe kuwa hasara ni ya aliyewasha peke yake. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega kuna akina mama waokotao kuni humo kwa ruhusa, na waganga wachumao mizizi na magome, na vijana ambao riziki yao ni kuwatembeza wageni kama sisi. Kisiwa hicho kikiungua hakuna bara nyingine ya msitu iliyo jirani ya kukipa mbegu. Mgeni atapanda basi arudi Mombasa. Mwenyeji atabaki na majivu. Watu wa pwani twajisifu kwa ukarimu, na ni haki yetu. Lakini ukarimu una pande mbili, na upande wa mgeni ni kuiacha nyumba ya mwenyeji kama alivyoikuta.

Nawaombeni walimu wa madrasa na viongozi wa vijana, kabla ya basi kuondoka, wakalisheni watoto robo saa mwaeleze mambo haya. Na kwa kuwa watoto hushika nyimbo kuliko hotuba, nimewatungia ubeti mmoja, waukariri njiani:

Moto uwao kambini, ndugu yangu kuuzima,
Si kufukia jivuni, ukaondoka kwa hima,
Umwagie maji ndani, koroga kisha tazama,
Utie mkono chini, ukipoa u salama.